Joka la Pembesita 0714

Kwa miaka kumi na mmoja mimi na mama mkwe wangu tulizungumza kupitia mtu wa tatu. Mke wangu akiwepo, mtu huyo alikuwa yeye. Asipokuwepo, alikuwa mtoto yeyote anayepita, na mtoto asipopita, alikuwa mbuzi. Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mke wake, hampi mkono, haingii nyumbani kwake wala hamtazami usoni. Kwa hiyo mimi nilisimama nyuma ya kihenge cha mtama nikiwa nimempa mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda upande wa pili, na kati yetu akafungwa mbuzi mweupe mwenye sikio lililokatika. "Mbuzi," mama alikuwa akisema, "mwambie mwalimu viazi viko kwenye kikapu, achukue." Nami nilimwomba mbuzi amwambie mama ahsante. Mbuzi alitafuna tu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia sekondari, Mugumu mjini. Mwenzangu niliyesoma naye chuo aliniletea kwenye flashi programu ya kompyuta ya kuchorea ramani za nchi ambazo hazipo. Ndani yake mlikuwa na milima, misitu, ngome za wafalme, meli na majoka, vyote tayari, kazi yako ni kubofya tu. Nilikuwa na nia ya kuandika kitabu cha hadithi ya safari ndefu, chenye mfalme mwovu na shujaa asiye na viatu, na nikaona nianze na ramani. Kitabu hakijaanza hadi leo. Ramani ilifika toleo la arobaini.

Tatizo la kwanza lilikuwa umbo. Kila bara nililolibuni kutoka kichwani lilitoka kama kiazi. Nikachoka kutawala viazi, nikaamua kuchukua mahali ninapopajua: kijiji cha ukweni kwangu, upande wa Busawe. Mto wake unapinda mara mbili, vilima vitatu vimejipanga mstari mmoja, na njia ya ng'ombe inapita katikati. Nikavikuza vyote. Kijito ambacho mtoto anakiruka kikawa mto wa kuvukwa kwa meli, na vilima vikafunikwa na theluji.

Tatizo la pili lilikuwa umbali. Shujaa wangu alitoka ikulu asubuhi, akavuka milima miwili, na akafika baharini chai yake haijapoa. Ndipo nikagundua gridi, na gridi ikaniharibia maisha.

Gridi ni mistari inayotandikwa juu ya ramani kama chandarua. Inakaa kwenye tabaka lake, unaiwasha, unaizima, na ramani iliyo chini haiguswi. Nilianza na miraba, nikaikataa, kwa sababu mraba ni mwongo: ukienda wa pembeni umetembea kidogo, ukienda wa kwenye kona umetembea zaidi, na yote miwili inahesabiwa hatua moja. Mwalimu wa jiografia hawezi kulala na jambo kama hilo. Nikahamia kwenye pembesita. Pembesita ina majirani sita, na wote wako umbali uleule. Nililieleza hili jambo zuri kwenye chumba cha walimu mara nyingi, mpaka wenzangu wakaanza kunywea chai nje.

Kila pembesita nikaipa namba yake na urefu wa mwendo wa siku moja. Siku yenyewe niliipima kwa miguu yangu mwenyewe, kutoka Busawe mpaka Mugumu, nikiwa navuta ng'ombe. Ng'ombe huyo ana habari yake.

Nilipokuwa naoa, mama mkwe alikuwa ameshafiwa na mumewe, na neno la mwisho juu ya ng'ombe wa mahari lilikuwa lake. Aliwakagua mmoja mmoja kwa mbali, halafu akamtuma kaka yake aje aniambie kwamba yule mwenye pembe iliyopinda ana macho ya mwizi, nimrudishe. Mbele ya wajomba wote! Nikamvuta yule ng'ombe kutwa nzima nikiwa na suti. Njiani akaingia kwenye shamba la mtu akala mahindi, nikatukanwa mimi na ukoo wangu, na bado sikukubali kwamba mama alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo programu iliponipa joka jekundu na kuniuliza nataka kuliweka wapi, sikufikiri mara mbili. Nililiweka kwenye boma la mama mkwe, kwenye pembesita namba 0714. Nililizungushia vinamasi viwili na nyika mbili za mifupa. Pembesita mbili zilizobaki niliziacha tupu, kwa kuwa joka lilikuwa limeshakula kila mtu. Ni utoto, najua. Siku hiyo niliona raha mpaka nikajipikia mayai manne.

Hiyo ilikuwa miaka ya rashi ya dhahabu, watu wakimiminika kuitafuta. Kila aliyejikwaa kwenye jiwe aliliweka mfukoni. Nyumba za wageni zilijaa watu wenye sururu, na kinyozi alikueleza habari za mwamba huku amekushika kichwa. Wachimbaji wadogo walikuwa na desturi mbili ambazo mtu akitaka kunielewa lazima azijue. Ya kwanza, mashimo yao waliyaita maduara, na kila duara lilipewa namba na mwenyewe kabla hata haijajulikana kama chini kuna kitu. Ya pili, waliamini mali iliyo ardhini haikai bila mlinzi, na mlinzi huyo ni joka. Palipotajwa joka, watu walishika sururu.

Basi siku moja nikapeleka ramani yangu steshenari nikaichapishe kwenye karatasi kubwa, nione kama unene wa mistari ya gridi umekaa vizuri. Mwenye steshenari alikuwa mtu wa Tanga, muungwana, mswalihina, asiyetupa hata kipande cha karatasi. Printa yake ilikuwa imeishiwa wino wa bluu. Mto ulitoka mstari mtupu, theluji haikuonekana, ngome zilififia zikapotea. Misitu, ambayo kwa haki ilitakiwa iwe kijani, ilitoka madoa ya njano. Kilichobaki wazi kabisa kilikuwa gridi, namba, na lile joka jekundu, dogo, limepoteza mabawa, limejikunja.

Mwenye akili angechukua karatasi ile akaichana. Mimi nilikasirika kwa sababu mistari ilikuwa minene mno, nikaiacha juu ya meza, nikaondoka.

Kesho yake mchimbaji mmoja akaja kutoa nakala za fomu zake, akaiona kwenye rundo la karatasi za kuandikia upande wa nyuma. Akauliza ni ya nani. Mtu wa Tanga hasemi uongo. Akasema, "Ya mwalimu wa jiografia. Aliitazama, akakasirika, akaiacha." Mwalimu wa jiografia! Mwenye ramani yenye maduara yaliyobanana na kupewa namba, madoa ya njano, na joka! Mto na vilima vitatu kila mtu wa Busawe alivitambua pale pale. Nakala alizowatolea ziliisha kabla ya adhuhuri.

Mimi nilipata habari kupitia kwa mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa Musoma kwenye mafunzo ya wiki mbili. Alinipigia simu mchana nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mama anasema uliona dhahabu chini ya mihogo yake, miaka yote hii, ukanyamaza," akasema. "Anasema Jumamosi anawaruhusu wachimbaji waingie."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Shamba lile la mihogo ndilo lilikuwa ghala la mama. Mvua ikigoma na mahindi yakikauka, yeye alikwenda na jembe akarudi na chakula, na mwaka mmoja mbaya sisi wenyewe wa mjini tulikula kutoka pale. Nilikuwa nimeshaona shamba lililopitiwa na wachimbaji. Linabaki mashimo na kifusi, na hata nyasi zinaona haya kuota.

"Mwambie ukweli basi," mke wangu akasema. "Mwambie ni nchi ya kubuni."

"Ataniuliza joka ni nini."

"Joka ni nini?"

Nikamweleza. 

"Utakwenda mwenyewe," akasema, akakata.

Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda. Kwa mbali, kabla sijashuka, niliona watu kama thelathini wameinama kwenye mihogo na kamba za katani. Walikuwa wanapigilia vigingi. Nilipokaribia nikaelewa wanachofanya, na moyo ukanilipuka: walikuwa wanatandika gridi yangu. Watu waliozoea mashimo ya mviringo walikuwa wanahangaika na pembesita, jasho linawatoka, wanagombana.

"Hii ina pembe tano, mura!"

"Hesabu vizuri!"

"Nimehesabu! Ya sita iko wapi? Umeikalia?"

Nilikuwa nimefuata kuwazuia. Nasema kweli, nilikuwa na maneno yote tayari. Lakini ile ya tatu kutoka kwenye mkonge ilikuwa imelala upande, upande wake mmoja haukushikana na jirani yake, na nimekaa na gridi miaka miwili, siwezi. Nikasema, "Hicho kigingi kisogezeni kushoto hatua moja."

Wakakisogeza. Ikashikana. Wote wakageuka, wakanitazama.

"Mtaalamu kafika!" akapiga kelele kiongozi wao, jitu la Geita lenye kofia ya sufi kwenye jua lile.

Ikawa ndiyo nimejimaliza. Nikaanza kuwaeleza kwamba ramani ni ya hadithi, kwamba nchi ile haipo.

"Haipo vipi na tumesimama juu yake?" kiongozi akauliza.

"Mto nimeuiga tu. Haya madoa ni misitu, wino uliisha."

"Mwalimu, usijisumbue. Kila mtaalamu akiona watu wameshajua, anasema hakuna kitu." Akanipiga bega kwa huruma. "Mwenye shamba katukubali. Akikataa yeye, tunang'oa vigingi vyetu. Wewe hapa ni mkwe tu."

Hapo alisema kweli. Nikaenda nyuma ya kihenge, nikageuka, nikatazama nyasi.

"Shikamoo mama."

"Mbuzi, mwambie marahaba," sauti ikasema nyuma yangu. "Kisha muulize, dhahabu yangu alikuwa anamwekea nani?"

"Mbuzi, mwambie mama hakuna dhahabu. Ramani ile ni ya hadithi ya kubuni."

"Mbuzi, muulize mto ule si wetu? Vilima vile si vyetu?"

"Ni vyenu. Niliviiba, kwa sababu mimi nikibuni natoa viazi."

Hili halikumsaidia. Nikajaribu tena, nikaeleza wino, nikaeleza misitu ya njano, nikaeleza theluji, jambo ambalo sikupaswa kulianza kabisa. Alisikiliza yote.

"Na joka?" akauliza.

Shati lilikuwa limenishika mgongoni. Kule shambani walikuwa wameanza kutoa sururu kwenye magunia, nilizisikia zikigongana. Nikafikiri, nikisema, mke wangu hatanisamehe. Nisiposema, mwakani mama huyu atakula nini.

"Joka ni mama."

"Mama gani?"

"Wewe, mama."

 Kuku aliyekuwa anapekua karibu na mguu wangu akainua kichwa.

"Kwa sababu ya yule ng'ombe," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa mwizi?"

"Alikula mahindi ya watu njiani, siku hiyohiyo."

"Nilijua," akasema, na kwa sauti nilijua ameridhika. Alikuwa amelisubiri jibu hilo miaka kumi na mmoja. Kisha akataka kuiona ramani kwa karibu. Nakala niliyokuja nayo niliisukuma chini ya kihenge kwa fimbo, bila kugeuka, nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Mistari hii ya nyumba za nyuki ni ya nini?"

Hata pale, nikiwa nimetoka kumwita mama mkwe joka, nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza gridi. Nikamwambia uzuri wa pembesita ni kwamba kila mmoja ana majirani sita, na wote wako karibu naye sawasawa, hakuna aliyesukumwa kwenye kona.

"Majirani zake huyu ni nani?"

"Hapo... hapo ni kinamasi, mama. Na hapo kinamasi. Hizo mbili ni nyika ya mifupa."

"Na hizi?"

"Hizo hazina kitu."

"Kwa hiyo ana majirani sita na hakuna mtu."

"Ndiyo."

"Anakula peke yake."

"Ndiyo, mama."

Akaikunja karatasi taratibu. "Hapo hukukosea," akasema. "Dhahabu sikuiamini hata siku moja. Nimelima hapa tangu niolewe, ningekuwa nimeiona. Lakini vijana hawa ni thelathini. Wangekuwa wanapita hapa wanaomba maji."

Niliona aibu. Siyo ile ya kutukanwa nikiwa na suti.  Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikamwondolea mtu majirani zake wote ili nipate kucheka, kumbe alikuwa hana hata mmoja wa kuondolewa. Binti yake wa pekee nilimchukua mimi, nikampeleka mjini. Tulikuja Krismasi, tukabeba viazi, tukaondoka. Na yeye alikuwa tayari kuitoa mihogo yake yote ili asikie mtu akibisha hodi.

"Mama," nikasema, "hizo pembesita nitazijaza."

 Nikasikia kigoda kinasogea, halafu miguu yake ikielekea shambani kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Aliokota mpini wa jembe njiani.

"Ng'oeni!" akapaza sauti. "Ng'oeni vigingi vyenu! Mnatafuta joka? Joka ni mimi! Muulizeni mwalimu, kaniandika hapa!"

Walimtazama, wakaitazama ramani, wakamtazama tena. Sijui walimwamini kwa kiasi gani. Lakini sikuona mtu aliyebishana, na kiongozi wa kofia ya sufi alikuwa wa kwanza kuinama na kuanza kukunja kamba. Mama aliwasimamia mpaka kigingi cha mwisho, akawafukuza, kisha akawaita warudi wanywe maji kwanza.

Ndipo nikageuka, maana hapakuwa na mtu upande wa pili. Kigingi cha mbuzi kilikuwepo. Kamba ilikuwepo, imekatika. Mbuzi mwenyewe nilimwona kule kwenye mihogo, anatafuna katani ya pembesita ya tatu, ile niliyoirekebisha, na kwa jinsi alivyokuwa ameshaila alikuwa amefika kule zamani. Sikumbuki ni wapi katika mazungumzo yale mama aliacha kumtaja. Ninachojua ni kwamba maneno ya mwisho yote aliniambia mimi.

Kwetu mwanamume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo niliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda shule ya kule, nikawaambia wazee wa upande wangu kwamba ni amri ya serikali, sina la kufanya. Mke wangu alipata kazi kwenye zahanati ya jirani. Nyumba yetu iko ng'ambo ya njia ya ng'ombe, yaani pembesita 0814, mashariki mwa joka. Nilichapisha ramani upya kwa wino kamili: kinamasi kimoja kikawa kisima, kingine kikawa kwetu, nyika za mifupa zikawa shule na zahanati, na kwenye zile mbili tupu nikaweka watu waliojenga baada yetu. Joka nilitaka kulifuta. Mama akakataa, akasema liongezwe ukubwa, akaibandika ramani ukutani kwake. Naambiwa tu kwamba ipo, kwa kuwa siingii.

Mbuzi alikufa mwaka uliofuata, na mama hajanunua mwingine. Kila asubuhi nasimama nyuma ya kihenge, nampa mgongo, naamkia. Naye huanza vilevile: "Mbuzi, mwambie mwalimu jana amechelewa kurudi."